Sahani za Wageni

Lukozi,
21 Januari 2024

Mdogo wangu Yusta,

Pokea salamu za huku milimani. Mimi na wanao tu wazima, kasoro goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Mbuzi amezaa mapacha. Shangazi Evelina wa Mlola anakusalimu na anauliza kama umeokoka au umenenepa, maana kwake mambo hayo mawili hayakai nyumba moja.

Ulisema nisikupigie simu jioni, niandike barua, nimpe konda wa basi la Arusha nawe utaifuata stendi. Sawa. Sikuuliza sababu. Nimeandika tu hapa kwamba sikuuliza.

Watoto walifika salama, wamelegea kwa kona za kutoka Mombo. Shule wameanza. Eliza amenishangaza. Mtoto wa miaka tisa ana adabu ya mchumba aliyekuja kuonwa. Nikipika makande anakula. Nikipika ugali na mnavu anakula. Anasema, "Asante mjomba, chakula kitamu," halafu anaosha sahani yake na kuirudisha kabatini. Nimewatolea zile sahani za maua za marehemu Raheli. Unazikumbuka, mke wangu alikuwa hazitoi ila kwa mgeni, hata mimi sikuwahi kula humo.

Balaa ni Alen. Siku ya kwanza alichungulia makande akauliza, "Mjomba, hiki ni cha ng'ombe?" Nikamwambia ng'ombe wangu akikipata hicho atajikamua mwenyewe. Hakucheka. Anataka chipsi na soseji. Nikamweleza kwamba chipsi ni viazi, na viazi vimejaa pale nyuma ya nyumba. Akamgeukia dada yake akasema kwa huruma kabisa, "Mjomba hajui chipsi."

Usihofu kuhusu mapishi. Tangu Raheli afariki nimejifunza kwa macho: nilikuwa naingia majikoni mwa watu nikijifanya naota moto, kumbe natazama nani anatangulia, kitunguu au nyanya. Wanawake wa hapa bado wanapita makusudi kuona mwanaume anavyosonga ugali. Nami nawapa cha kutazama. Duka silihitaji sana. Kabichi na karoti zangu zinakwenda sokoni, zilizopasuka zinabaki kwetu, mnavu unaota bila kuombwa, na maharage nilivuna ya kutosha. Tumbo la mtoto likikubali vilivyopo, hakuna wa kulala njaa humu.

Unakuja lini kuwaona? Alen anauliza kila siku. Eliza hajauliza. Mtoto asiyeuliza ananitisha kuliko anayelia.

Kaka yako,
Silvano


Arusha,
18 Februari 2024

Kaka Silvano,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na mapacha wa mbuzi wananyonya. Mimi sijambo. Banda la chipsi linakwenda hivyo hivyo, mafuta yanapanda, wateja hawapandi. Shangazi mwambie sijaokoka na sijanenepa, achague mwenyewe lipi ni baya zaidi.

Nimefurahi sana kusikia Eliza anakula. Huyo hana shida, ni mtoto mwelewa, nilimwambia asikusumbue. Alen ndiye nilijua. Amekulia kwenye banda langu, nikikaanga yuko miguuni, kinachodondoka ni chake. Nimempa konda boksi. Kuna tambi zile za dakika mbili, soseji usiweke muda mrefu, tomato, na juisi ya unga. Mchanganyie tambi na mboga zako kidogo kidogo, mjanja ni wewe, atazoea bila kujua.

Kuhusu kuja, mambo yakikaa sawa nitakuja. Huku kuna vitu naviweka sawa kwanza. Usinipigie jioni tafadhali, hata kama ni salamu tu.

Waambie mama anawapenda.

Yusta


Lukozi,
17 Machi 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Masika yameingia, goti lilisema kweli. Mbuzi mmoja amekufa, mwingine anaruka kwa niaba ya wawili. Shangazi amepata jibu lako akasema angalau hujaacha ulimi wako.

Boksi lilifika. Tambi nilipika kama ulivyoagiza, nikatia karoti na majani ya maboga. Alen alizivuta tambi moja moja, majani akayapanga ukingoni mwa sahani kama abiria walioachwa na basi. Nikaona ujanja wa kuficha hautaniponya na mtoto aliyesomea bandani. Basi nikamchukua shambani, nikampa kijembe, nikamwambia achimbe popote. Alipotoa kiazi cha kwanza alikigeuza huku na huku, akakinusa. "Chipsi zinachimbwa?" Tukavichoma kwenye majivu, akala mpaka akawa na sharubu nyeusi. Tangu siku hiyo nimeweka sheria: aliyechuma ndiye anayepakua. Akichuma mnavu, mwiko ni wake. Yusta, mwanao ni bahili! Natia karanga za kusaga kupunguza uchungu, naye ananipimia kijiko kana kwamba mnavu ni dawa ya kununua. Anakula na anadai nyongeza.

Sasa niseme kilichonifanya nikae kuandika.

Nilipoona wote wawili wametulia, Jumapili moja baada ya ibada nilizifungia sahani za maua kabatini nikatoa sinia la nyumba. Nikawaambia, "Kuanzia leo hamna mgeni humu ndani. Sinia moja, mikono yote." Niliona nimewatendea jambo kubwa. Alen alirukia. Eliza alinawa, akakaa, akamega tonge, akalishika muda, akalirudisha. "Nimeshiba, mjomba."

Tangu hapo ameshiba. Asubuhi ameshiba, mchana ameshiba. Anakunywa uji wa ulezi vikombe nusu nusu, anauma ndizi mara mbili, basi. Nikafikiri ana kinyaa cha kula na mkono wangu, nikampa bakuli lake peke yake. Hakugusa. Nimejaribu yai, maziwa, parachichi lililopondwa na sukari. Mwalimu wake anasema anasinzia darasani. Nimempeleka zahanati; Secilia, muuguzi wetu, amesema si malaria, si minyoo, ila damu imeshuka na uzito unarudi nyuma. Akaniuliza, "Mzee Silvano, nyumbani kuna nini?" Nikamwambia kuna chakula, mimi ninayejidai naona kila kitu.

Jambo dogo. Barua yako inanuka sigara, na wewe huvuti.

Kaka yako,
Silvano


Arusha,
21 Aprili 2024

Kaka,

Shikamoo. Pole na mbuzi. Barua yako ilikaa stendi, sikupata nafasi ya kuifuata mapema.

Kaka, mtoto wangu hali, na wewe unaniandikia sharubu za Alen? Ukurasa mzima wa vichekesho halafu huku mwisho ndiyo unasema damu imeshuka! Ndiyo maana dada zetu walisema tangu mwanzo, mwanaume peke yake na watoto ni kuwatesa watoto. Mimi nilikutetea. Sasa niambie nilikutetea nini.

Mpikie chipsi. Za kwangu, anazijua. Kata viazi vyembamba, loweka kwenye maji, vikaushe kwa kitambaa, mafuta yachemke kweli ndipo utie. Ukimaliza vunjia mayai mawili. Hilo tu. Akishapata nguvu ndiyo umrudishie majani yako.

Na umwambie hivi, kwa maneno yangu: akila vizuri, mama atakuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano. Ameelewa? Akila, nakuja.

Sigara ni ya konda. Usinichunguze kaka, mimi si shamba lako.

Yusta


Lukozi,
26 Mei 2024

Mdogo wangu Yusta,

Marahaba. Sisi ni wazima kwa kiasi chetu. Mvua imepungua, kabichi zimefunga vizuri. Goti limenyamaza, na mimi nimeandika barua hii mara mbili kwa sababu ya kwanza haikuwa na adabu.

Ulinikaripia kwa vichekesho, nami nikakubali. Lakini mimi nikiogopa ndipo ninapochekesha, wewe unajua tangu msiba wa baba. Kwa hiyo usinipime kwa hilo.

Chipsi nilipika kama ulivyosema. Alen alisema zimekaribia za kwako, nikajiona mtu. Eliza alikula mbili, akasema, "Za mama," akasukuma sahani. Basi nikajua kwamba tatizo si majani yangu.

Ndipo nikampa maneno yako. Yusta, alikula! Alikula kila kitu, maharage, ugali, mshunga, ile mboga chungu ya porini ambayo hata mimi naimeza kwa kufumba jicho. Hakuwa anaonja, alikuwa anamaliza kazi. Secilia alifurahi, mizani ilifurahi. Jumamosi yenyewe aliamka, akaoga, akavaa gauni la ibada, akakaa kwenye jiwe la njia panda pale magari madogo yanaposhusha. Alen alicheza, akachoka, akaja kula. Eliza hakuja. Gari la mwisho liliposhusha gunia la mbolea na mtu mmoja mlevi, nilimfuata. Alisema, "Labda kesho." Nikasema labda. Kesho yake akaketi tena. Jumatatu hakula, na hakuniambia ameshiba. Aliacha hata kudanganya.

Sikukupigia simu kwa hilo. Ulisema usipigiwe jioni, na mchana hupokei.

Sasa sikiliza habari za jirani. Unamkumbuka Mama Zakia, yule mjane wa ng'ambo ya kijito, jina lake Hawa. Siku moja aliniambia njiani, "Huyu mtoto wenu ana tumbo zuri. Jana kamaliza bada ya muhogo na kisamvu, kaomba tena." Nilisimama kama niliyepigwa kofi. Kumbe Eliza akitoka shule anapita kwake, akikuta wanakula anakaribishwa, anakula kama watu wote. Kisamvu kile kile anachokikataa kwangu!

Nikafanya lililo mbele yangu. Nikawa napika mapema, nampelekea Mama Zakia sufuria kwa njia ya nyuma, naye anampakulia Eliza kama chakula chake. Mambo yalikwenda vizuri mpaka watu walipoanza kuona mjane wa kiume akivuka kijito kila siku na sufuria lililofunikwa kitambaa kuelekea kwa mjane wa kike. Mzee Shukrani wa kanisa akaja kuniuliza kwa upole kama nina neno la kumweleza. Nikamwambia nina maharage. Kaka zake Hawa nao, baada ya swala ya Ijumaa, wakamuuliza dada yao kama ameanza kuposwa kwa mboga. Mama Zakia akaniambia, "Silvano, mimi sina shida na maharage yako, lakini nina binti wa kuozesha. Tuache."

Kabla ya kuacha alimkalisha Eliza. Nilikuwa nje ya ukuta na sufuria mkononi, nikasikia.

"Mwanangu, kwangu unakula, kwa mjomba wako unafunga. Na mimi nikwambie leo, chakula ni cha mjomba wako hiki."

"Najua, bibi. Naujua mfuniko wake, una tundu."

"Ee! Sasa kama unajua?"

"Hapa mimi ni mgeni. Mgeni anakula halafu anarudi kwao. Kule mjomba amesema mimi si mgeni tena. Nikila kule, nimekubali."

"Umekubali nini?"

Akaomba maji ya kunywa.

Yusta, nilirudi na sufuria langu limejaa. Nimehesabu nyuma, na ni kweli, aliacha siku ile ile nilipozifungia sahani za Raheli. Nilidhani nampa nyumba, kumbe nilikuwa namnyang'anya ya kwao. Ningeweza kumrudishia sahani leo hii. Nimeshika ufunguo wa kabati mara nyingi. Lakini nikimrudishia, nitakuwa nimemwambia kwamba anaondoka, na hilo silijui. Unalijua wewe.

Je, ni mgeni au si mgeni? Nijibu hilo tu. Mengine yote yaache.

Silvano


Arusha,
7 Julai 2024

Kaka Silvano,

Shikamoo. Nimeandika nikachana, nikaandika nikachana. Hii nitaitoa hivi ilivyo.

Sigara si ya konda. Anaitwa Yohane, ana duka la vipuri, ni mtu mzuri, hanipigi, halewi. Nakaa kwake tangu Januari, watoto walipokuja kwako. Baba yao akina Eliza alipokwenda machimboni Mererani hakurudi, wewe unajua, na banda lile halinilipii hata chumba. Siku ya kwanza Yohane alipouliza, nilimwambia sina mtoto. Sijui kwa nini. Nilikuwa nakaanga, Alen yuko shule, watu wamejaa, yeye anatabasamu, neno likatoka. Baadaye kila siku ilikuwa si siku nzuri ya kulirudisha. Picha zao kwenye simu nilimwambia ni watoto wa kaka yangu. Ndiyo maana usipige jioni.

Jumamosi ile nilifika stendi, kaka. Nilikuwa na begi na maandazi. Nikamwona Yohane anapokea mzigo wa duka kwenye basi lile lile nililotaka kupanda. Akauliza naenda wapi. Nikasema nimemsindikiza mteja. Maandazi akala yeye.

Nitamwambia, lakini si sasa. Anajenga, akimaliza kujenga nitamwambia. Inaweza kuwa mwakani, inaweza kuwa mwaka wa mbele yake. Labda atakubali, labda atanifukuza. Sijui.

Wewe mwambie Eliza Desemba. Mwambie nakuja Krismasi, mrudishie sahani, ale. Kumdanganya mtoto ili ale si dhambi, hata mama yetu alituambia mlenda unaongeza akili. Nakuomba kaka.

Yusta


Lukozi,
14 Julai 2024

Yusta, mdogo wangu,

Marahaba. Baridi imeshuka, asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni. Alen anakula viazi vitamu kama ana deni navyo. Shangazi Evelina nimemwambia u mzima. Mengine sikumwambia.

Sikuhukumu. Nimelisoma neno lako kuhusu kukaanga na watu wamejaa, nikakuona, nikasikia huruma. Hilo lako na Yohane ni lenu.

Lakini Desemba sitasema. Mlenda hata ukikosa akili unakuwa umekula mlenda. Huyu alikula kwa ahadi ya Mei, na unajua ilivyoishia. Nikimpa Desemba atakula mpaka Desemba, atakaa kwenye lile jiwe Krismasi nzima, na baada ya hapo sitakuwa na neno lolote duniani la kumfanya afungue mdomo. Secilia amempima juzi. Amesema mizani ikirudi tena nyuma nimpeleke Lushoto, alazwe. Ameyasema akitazama mkono wa mtoto, hakunitazama mimi. Nguo ya shule sasa inamzunguka.

Jumapili ya tarehe ishirini na nane, baada ya ibada, nitapanda na Eliza pale kilimani panaposhika mtandao. Utapiga. Utamwambia lililo kweli, hata likiwa baya, hata likiwa "sijui." Yeye si mjinga, ameshalijua nusu, na hiyo nusu ndiyo inayomla.

Kupika nimejifunza ukubwani. Kusema kwa niaba ya mama yake sijajifunza.

Silvano


Arusha,
21 Julai 2024

Kaka,

Shikamoo. Nitapiga.

Nisipopiga, usimwambie kwamba mlikuwa mnanisubiri. Mwambie mlipanda kutazama mashamba.

Yusta


Lukozi,
11 Agosti 2024

Mdogo wangu Yusta,

Marahaba, na salamu za wote. Mama Zakia amemposesha binti yake, kwa hiyo watu wamepata habari nyingine na sufuria langu limesahaulika. Mzee Shukrani ameniomba mbegu za maharage, nadhani ndiyo namna yake ya kuomba radhi.

Ulipiga. Asante. Nilikuwa nimeshaanza kumweleza Eliza habari za mashamba ya ng'ambo, na mtoto ananitazama kama mtu anayemsikiliza mwongo kwa heshima, ndipo simu ikalia. Nilimpa nikajitenga, nikaenda kukagua karoti za mtu mwingine. Sikusikia ulichosema, wala usiniandikie. Nilimwona tu ameshika simu kwa mikono miwili, anaitikia kwa kichwa kana kwamba unamwona. Upepo ulileta neno moja la kwake: "Kwa hiyo tunakaa." Halikuwa swali. Halafu akawa anachora chini kwa kidole cha mguu, nadhani ulikuwa unalia. Aliponirudishia simu ilikuwa imekatika.

Nilitegemea nini? Labda nilitegemea ateremke akale. Hakula. Hakula siku hiyo wala iliyofuata, hata uji aliacha. Alen alimwekea kiazi alichochimba mwenyewe, naye Eliza akamrudishia mkononi. Nilimsikia analia shambani, kwa sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aje. Nikajiambia, Silvano, umemuua mtoto wa watu kwa ukweli wako. Nilikulaani wewe na nikajilaani mimi, kwa zamu. Nikafungasha kanga, sabuni na bakuli kwenye mfuko, nikapanga na kijana wa pikipiki atupeleke Lushoto baada ya chakula cha mchana.

Mchana wenyewe nilipika kwa ajili ya Alen tu, ugali na maharage. Akili ilikuwa Lushoto, sijui nilitia nini na nini sikutia. Nikaweka sinia mkekani. Alen akaanza. Eliza akatoka chumbani amevaa gauni la safari ya hospitali. Nilidhani amekuja kusema yuko tayari. Akachukua kata ya maji, akanawa mikono bila kuambiwa, akakaa upande wa karibu na mlango. Akamega tonge kubwa, akachovya, akatia mdomoni.

Yusta, alikula kwa hasira. Alitafuna amekunja uso, kama mtu anayelipiza, na machozi yanateremka yanaingia humo humo. Sikusogea. Alen naye aliacha kutafuna, akabaki na shavu limevimba. Lilipopita tonge la tatu au la nne Eliza akanitazama usoni. Hakuwa amewahi kunitazama hivyo tangu aje Januari.

"Mjomba, hujaweka chumvi."

Alen akasema, "Mimi niliona, nikaogopa kusema."

"Kweli?" nikasema. "Ipo rafuni, nyuma ya..."

"Najua ilipo," akasema, na akainuka.

Nimefikiri sana kama nikuandikie hili. Miezi yote ile mwanao alinisifia kila kitu: ugali ulioungua ulikuwa mtamu, mbichi ulikuwa mtamu, asante mjomba, mtamu mjomba. Mgeni husifu. Najua kinachonifurahisha mimi hapa kimekatwa kutoka kwako, na sina namna ya kukupa nusu. Mizani ya Secilia imeanza kwenda mbele, polepole. Yule kijana wa pikipiki nilimrudisha, akanung'unika. Eliza sasa anasema mchicha wangu naupika mpaka unakufa, na ugali wangu una vidonge, na Alen anamuunga mkono, nimekuwa na wakaguzi wawili. Ana hasira na wewe bado. Mpigie hata hivyo, Jumapili, pale pale kilimani. Akikataa kuongea utaongea na upepo, lakini piga.

Siku ile aliporudi na kopo la chumvi hakuuliza mtu. Alinyunyiza sinia zima, upande wake, upande wa Alen, na wangu, kwa mkono uliojaa, halafu akaketi. Ilizidi. Ilikuwa kama kula bahari. Tukamaliza sinia.

Kaka yako,
Silvano